Mgeni wa Kiswahili, mpe mbuzi akune nazi

Kazi yangu ni kuwatafutia nyumba za kukaa wanafunzi wa kigeni wanaokuja Unguja kusoma Kiswahili. Asubuhi wako darasani. Mchana wanarudi kwa mama na baba waliopangiwa, na huko ndiko lugha yenyewe iliko. Wageni wa namna hii si wapya kwetu. TAKILUKI, yaani Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, pale Vuga, ambayo sasa imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ilianza kufundisha mwishoni mwa miaka ya 1970, na nazijua nyumba ambazo bibi alipokea wageni na leo mjukuu anapokea.

Shida ya maji na feni hutatulika. Inayonitoa jasho ni familia inayomtukuza mgeni. Anatengewa chakula peke yake, anawekewa uma, anaitiwa yule kijana wa nyumbani anayejua Kiingereza. Wiki ya tatu nikipita kuwajulia hali, mama ananiambia kwa furaha kwamba mgeni hajashika kazi hata moja. Namuuliza mgeni ufagio ni nini. Hajui.

Wahenga walisema siku ya tatu apewe jembe. Mjini jembe hatuna, ila mbuzi ya nazi haikosekani. Mwaka juzi nilimpeleka msichana wa Kijerumani kwa mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, asiyejua Kiingereza kabisa. Siku ya tatu hiyo hiyo alikalishwa kwenye mbuzi, kanga kiunoni, kipande cha nazi mkononi. Akawa anakwaruza kwa nguvu zote, nazi inaruka hadi dirishani. "Izungushe taratibu," mama akamwambia, "ukifika kwenye kifuu tui litakuwa jeusi." Kisha maji ya uvuguvugu, kukamua, kuchuja kwa kifumbu. Kwanza likatoka kasimile, lile tui zito, likawekwa pembeni. Likafuata tui la pili, jepesi, ndilo lililoanzia mchuzi; kasimile hutiwa mwisho. Jioni ile aliandika daftarini: tui zito limetoka, chicha imebaki. Darasani upatanisho wa ngeli ulikuwa karibu umlize. Pale jikoni alirudia tu alivyosikia, na hakukosea.

(Najua, siku hizi nazi hukunwa kwa mashine sokoni. Mgeni akiwepo, iacheni mashine.)

Habari za chakula naziuliza mara mbili kabla mgeni hajaingia, maana neno "nyama" limeshaniponza. Kijana mmoja alisema, "Mimi sili nyama." Mama akaitikia vizuri, akampikia kuku. Kesho yake pweza. Kwetu nyama ni ya ng'ombe au mbuzi. Kuku ni kuku, samaki ni samaki, na mama wa watu hakufanya kosa lolote. Sasa naandika kwa kutaja kimoja kimoja: hali nyama, hali kuku, hali samaki, wala supu yake. Anayedhurika na karanga au korosho namwandikia vivyo hivyo, na nasisitiza kwamba ni maradhi, asije akaonekana anadeka.

Lakini linaloleta manung'uniko kuliko yote ni mlango. Mgeni akirudi kutoka darasani hujifungia chumbani apumzishe kichwa. Kwao ni jambo la kawaida. Huku nje nyumba nzima inanong'ona: kanuna? anaumwa? nani kamuudhi? Kila baada ya dakika kumi mtoto anatumwa akapige hodi. Mgeni anahisi analindwa kama mfungwa, mama anahisi amekataliwa, na wote wawili wananipigia simu mimi. Dawa niliyoiona ni kumfundisha mgeni maneno ya kusema: "Mama, kichwa kimechoka, nalala kidogo, nitatoka alasiri." Akishaambiwa hivyo, mama hana neno tena, na yule mtoto mwenyewe atafukuzwa mlangoni.

Na asante zipunguzwe. Mama mmoja alipewa asante ya chumvi, asante ya maji, asante ya kijiko, mwisho akauliza: "Mwanangu, kwani hapa hotelini?" Kwa sababu hiyo hiyo pesa za chakula hupitia kwetu ofisini, hazitoki mkononi mwa mgeni.

Kuhusu kumtembeza: Forodhani na mashamba ya viungo atafika mwenyewe hata msipompeleka. Nyinyi mpelekeni pasipo na tiketi. Atumwe mikate asubuhi. Afuatane na mama kumwona mzazi aliyejifungua. Ukitokea msiba mtaani, asiachwe nyumbani: avae kwa stara, akae ndani na wanawake, au kama ni mwanamume akae nje na baba, simu ibaki mfukoni. Familia nyingi husita, zikiona si vizuri kumwonesha mgeni huzuni. Mimi naona harusi zetu amekwisha kuziona YouTube kabla hajapanda ndege, ila namna watu mia wanavyokaa kwenye majamvi na kuzungumza kwa sauti ya chini, hiyo hajaiona.

Yule msichana wa Kijerumani yuko kwao sasa. Mwezi uliopita alimtumia mama ujumbe wa sauti: "Shikamoo mama. Nimepika mchuzi kwa tui la kopo, limekatika." Mama akaniomba nimbonyezee simu ajibu.

"Marahaba mwanangu. Ulifunika sufuria. Usifunike, koroga mpaka lichemke."