Je, wajua? Nyumba ya vioo ya mwaka 1597 ilisimamaje bila nguzo za chuma?

Huko Derbyshire, katikati ya Uingereza, juu ya kilima, ipo nyumba iitwayo Hardwick Hall. Jua likiipiga usoni huoni ukuta, unaona vioo. Waingereza waliitungia msemo wenye vina: vioo vyake vimezidi kuta. Ilijengwa kati ya 1590 na 1597 kwa amri ya Elizabeth, mjane wa waume wanne, ajulikanaye zaidi kama Bess of Hardwick. Ramani inaaminika kuwa ya Robert Smythson, fundi mwashi aliyepanda hadi kuwa msanifu.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa ndani ya mawe yale kumefichwa chuma, na niliwaeleza wengine hivyo. Nilikosea. Chuma kilichopo madirishani ni vifito vyembamba vya kushikilia vioo tu, havibebi nyumba. Jengo linalohesabiwa kuwa la kwanza duniani kusimama kwa fremu ya chuma, nguzo na boriti zake, ni kiwanda cha kitani cha mjini Shrewsbury, na hicho ni cha 1797. Hardwick ilikuwa imekwisha kutimiza miaka 200.

Lakini kosa hilo lilizaliwa na kosa kubwa zaidi: nilidhani ukuta wa nje ndio unaobeba kila kitu. Ni rahisi kudhani hivyo. Ukijenga kwa tofali na kumwambia fundi atanue dirisha mpaka karibu na kona, atakukatalia, na ana haki. Kwa hiyo nilipoona ukuta uliotobolewa kiasi kile, nikatafuta msaada wa siri ndani ya ukuta uleule. Nilipaswa kuangalia nyuma yake.

Siri imo kwenye dohani, yaani njia za kutolea moshi wa meko. Nyumba nyingi kubwa za wakati ule ziliweka meko na dohani zake kwenye kuta za nje, na dohani ni pana, hula nafasi ya dirisha. Hardwick zilirudishwa kwenye kuta za ndani. Hapo faida zikawa mbili kwa mpigo: ukuta wa nje ukaachwa huru kwa vioo, na kuta za ndani, zikiwa zimenenepa kwa kubeba njia za moshi, zikawa uti wa mgongo. Mfikirie samaki. Ngozi ndiyo tunayoiona iking'aa, lakini kinachomshikilia asilegee ni ule mfupa wa katikati. Boriti za sakafu zikiegemea upande mmoja kwenye uti huo, ukuta wa vioo haubaki peke yake na mzigo.

Ukuta wa nje nao si dhaifu kama unavyoonekana. Kila dirisha limegawanywa na miimo ya mawe inayosimama wima na mikingamo ya mawe inayolala, na ndani yake vioo vidogo vidogo vimeunganishwa kwa vipande vya madini ya risasi. Miimo hiyo ni nguzo nyembamba zilizopangwa safu. Kisha kuna minara sita inayochomoza kutoka mwili wa nyumba. Simamisha karatasi mezani, itaanguka. Ikunje mara mbili tatu, itasimama. Ukuta unaokunjwa kuzunguka mnara hupata ukakamavu wa namna hiyohiyo.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni kwamba madirisha yanarefuka kadiri unavyopanda. Sababu ilikuwa heshima: vyumba vya fahari viliwekwa ghorofa ya juu kabisa. Lakini ghorofa hiyo ndiyo isiyo na mzigo mwingine juu yake ila paa, na chini, kwenye uzito mwingi, mawe ni mengi zaidi. Sithubutu kudai kuwa Smythson alipiga hesabu hiyo. Kanuni za kukokotoa nguvu za kuta hazikuwepo bado. Waashi walijenga kwa uzoefu na kwa jicho.

Ushahidi mzuri zaidi uko juu kule, kwenye ukumbi mrefu wa takriban mita 50. Upande mmoja ni madirisha marefu kupita kimo cha mtu mara kadhaa. Geuka uyape mgongo: mbele yako kuna ukuta mzima, umefunikwa kwa mazulia ya kutundika na picha, na ndani yake meko mawili makubwa ya mawe. Huo ndio uti wenyewe.