"Dawa imeisha": maana ya rupture katika kituo cha afya

Katika vituo vya afya vya Goma, mashariki mwa Kongo, toka Majengo hadi Mugunga, kuna neno la Kifaransa ambalo hata mama asiyejua Kifaransa analielewa: rupture. "Mama, tuko na rupture ya dawa ya malaria ya watoto. Jaribu kurudi Alhamisi." Mama anamfunga tena mtoto mgongoni na kutoka kwenda kutafuta duka la dawa, akiwaza ni nani wa kumkopesha.

Maana yake rasmi ni fupi. Rupture ni hali ya kituo kukosa kabisa dawa ambayo kinatakiwa kuwa nayo wakati wote, nayo huhesabiwa kwa siku: siku tano za rupture, siku ishirini za rupture. Kwa Kiswahili ni kuishiwa. Nimefanya kazi miaka kadhaa katika depo (ghala) ya dawa ya zoni ya afya, yaani eneo lenye vituo kadhaa chini ya ofisi moja, na kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha kitu ambacho maana hiyo fupi haisemi. Siku rafu inapobaki tupu, rupture yenyewe tayari ina umri wa miezi. Ilizaliwa kwenye karatasi.

Ili kuliona hilo, tuangalie kwanza mnyororo wa ugavi. Hii ni njia yote ambayo dawa hupita toka kiwandani hadi mkononi mwa mgonjwa. Kwetu Kivu ya Kaskazini njia hiyo ni ndefu. Shehena hushuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam, hupakiwa kwenye malori, huvuka nchi nyingine moja au mbili na mipaka yake, hufika depo ya mkoa, hugawiwa kwa zoni za afya, na toka ofisi ya zoni huenda vituoni kwa gari, kwa pikipiki, kwa boti ziwani, na mahali pengine kwa kichwa cha mtu. Kinshasa ndiyo mji mkuu, ila hakuna barabara ya kupitisha lori toka kule hadi huku, kwa hiyo dawa za Kinshasa zilizoea kuja kwa ndege. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, mlango huo nao ukafungwa.

Njia hiyo ya kushuka kila mtu anaiona, kwa sababu lori linaonekana. Lakini mnyororo una mwendo wa pili unaokwenda kinyume. Dawa zinashuka, hesabu zinapanda. Muuguzi mkuu wa kituo huandika kwenye kadi ya stoki kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Mwisho wa mwezi anajumlisha, anapeleka ripoti kwenye zoni, zoni inapeleka mkoani, na agizo la dawa linatengenezwa kutokana na namba hizo. Lori linapakia kile tu ambacho karatasi imekitaja. Karatasi ikikosea, dereva atafika salama na mzigo usiotosha.

Namba inayobeba kila kitu inaitwa matumizi ya wastani ya mwezi. Chukua miezi mitatu iliyopita, jumlisha ulichotoa, gawa kwa tatu. Hesabu ya mtoto wa shule. Hebu tuone inavyotutega. Kituo kinatoa dozi 60 za malaria ya watoto mwezi wa kwanza, na 60 mwezi wa pili. Mwezi wa tatu mzigo unachelewa: wanatoa dozi 20, na tarehe 10 zinaisha. Jumla ni 140, ukigawa kwa tatu unapata 47. Kituo kinaagiza 47 na kupewa 47, na kila mtu anaamini kazi imefanyika. Lakini watoto wanaougua ni wale wale, wawili kwa siku, kwa hiyo dozi 47 zinaisha kabla ya tarehe 25. Mwezi unaofuata hesabu inasoma 60, 20 na 47: wastani umeshuka hadi 42. Dawa zinapungua, hesabu inasema hitaji limepungua, kwa hiyo zinaletwa pungufu zaidi. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyezembea.

Tiba ya kosa hilo inajulikana. Usigawe kwa miezi, gawa kwa siku ambazo dawa ilikuwepo. Dozi 140 zilitolewa katika siku 70, yaani 2 kwa siku, yaani 60 kwa mwezi. Ndiyo maana siku za rupture lazima ziandikwe. Muuguzi asipoziandika, kwenye karatasi kituo kilichokosa dawa kinafanana kabisa na kituo kilichokosa wagonjwa. Nimeona ripoti nyingi ambazo nafasi hiyo imeachwa wazi, na siwalaumu walioziandika: mtu aliyehudumia wagonjwa mchana kutwa, na jioni anajaza fomu kwa tochi ya simu, huanza na kile anachoulizwa kila mwezi. Hili la siku za rupture sisi wa depo hatukuwa tukiliuliza.

Kuishiwa kwa dawa moja huzaa kuishiwa kwa nyingine. Dozi ya artemeta na lumefantrini, dawa ya malaria, kwa mtoto mdogo ni vidonge 6, kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tatu. Ya mtu mzima ni 24. Pakiti za watoto zikiisha, muuguzi huchukua mkasi na kukata karatasi ya vidonge ya mtu mzima vipande vinne. Anafanya vizuri, mtoto hawezi kungoja. Lakini kwenye kadi imetoka dozi moja ya mtu mzima, na watoto wanne waliotibiwa hawaonekani popote. Tena tarehe ya mwisho wa matumizi huchapwa pembeni mwa karatasi, upande mmoja tu. Ukishakata, vipande vingine vinabaki bila tarehe. Baada ya wiki tatu vya watu wazima navyo vimeisha.

Kisha kuna vita. Wastani unatazama nyuma, na hapa kwetu watu hawakai pale walipohesabiwa. Kambi za wakimbizi wa ndani pembezoni mwa Goma zilijaa hadi mwanzoni mwa 2025, halafu Februari zikavunjwa katika siku chache, watu wakarudi upande wa Masisi na Rutshuru, wengine wakaingia kwa ndugu mjini. Agizo la kituo kilichokuwa karibu na kambi lilikuwa bado linahesabu watu walioondoka, na kituo cha kijijini kilichofunga milango kilikuwa na sifuri kwenye karatasi wakati foleni imeanza kurudi. Hapo ndipo unapokuta katoni zinazoelekea kuharibika mahali pamoja, na rafu tupu umbali wa mwendo wa siku moja. Wakati wa dharura mashirika huacha kungoja maagizo na kusukuma makasha yaliyopangwa tayari. Kasha kubwa la afya linalotumika duniani limepangwa kwa watu 10,000 kwa miezi 3. Linaokoa watu katika wiki za mwanzo, sina shaka na hilo. Shida ni kulizoea: kasha haliulizi kituo kinahitaji nini, na kituo kisichoulizwa huacha kuhesabu.

Rupture hazilingani pia, na hapa ndipo moyo wangu unapoumia zaidi. Dawa za kuzuia VVU baada ya kubakwa hutakiwa kuanza ndani ya saa 72. Mwanamke aliyetembea siku mbili toka porini, akikuta zimeisha, huwezi kumwambia arudi Alhamisi. Kwenye ripoti ya mwezi hiyo ni siku moja ya rupture, na inaandikwa kwa kalamu ile ile kama siku moja ya kukosa vitamini.

Kipindupindu nacho kinahesabu kwa saa, tena kina uzito. Mtu mzima wa kilo 50 aliyekaukiwa kabisa huhitaji lita 5 za maji ya mshipa ndani ya saa 3. Wagonjwa 20 wa namna hiyo ni kilo 100 za mifuko, kabla hujahesabu sindano na mipira yake, na hiyo ni duru ya kwanza tu. Pikipiki haibebi hizo kwa safari moja kwenye mawe ya volkano. Wazee wa hapa wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika Goma na takribani watu 50,000 wakafa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Chumvi ya kuchanganya na maji haikuwa siri wakati huo, na maji yalikuwa ziwa zima. Kilichokosekana ni maji safi na chumvi hiyo kuwa mahali mgonjwa alipo, saa ile.

Kwa hiyo depo inayojali huweka akiba ya tahadhari: juu ya matumizi ya kawaida unaongeza kiasi cha kukuvusha siku ambazo mzigo utachelewa. Mpaka ukifungwa wiki mbili, akiba ya wiki moja haisaidii. Lakini hata akiba hiyo hupimwa kwa ule wastani. Wastani ukiwa wa uongo, akiba nayo ni ya uongo.

Muuguzi mmoja wa kituo cha barabara ya Sake alinionyesha kadi yake. Chini ya tarehe 10 alikuwa amechora mstari kwa wino mwekundu: sifuri. Hakuishia hapo. Kila siku iliyofuata aliweka vijiti vidogo pembeni, kijiti kimoja kwa kila mtoto aliyepimwa, akaonekana ana malaria, akarudishwa bila dawa. Hakuna fomu inayoomba vijiti hivyo. Nilivihesabu mbele yake: 38. Jioni hiyo kwenye agizo la kituo chake hatukuandika 47, tuliandika 60.