Watu wamepungua, sufuria bado ile ile

Mama mmoja wa mtaa wa Ndosho, hapa Goma, alifika kwenye huduma yetu ya lishe na karatasi ya daktari mkononi: sukari iko juu, na uzito umepanda. Nilimuuliza anakula nini. Akasema anakula kama zamani, tena kidogo. Nikamuuliza anapikia watu wangapi. Hapo akacheka.

Miaka mitatu nyuma nyumba yake ilikuwa na watu kumi na mmoja: watoto, shemeji, na jamaa waliokuwa wamekimbia kutoka Masisi. Jamaa wamerudi kwao, mabinti wameolewa, kijana yuko masomoni Bukavu. Amebaki na mume wake. Na sufuria? "Ile ile, muganga. Mkono umezoea."

Mume hapendi bugali wa jana. Kuutupa mama hawezi, maana kwetu anayetupa bugali anamtukana aliyelima. Basi unaobaki anaumaliza yeye, asubuhi kwa chai na mchana kwa maharagi. Frigo ya nyumba ile ilikuwa tumbo la mama.

Hadithi hii naisikia kila mwezi hapa Goma, ikibadilika majina tu. Na karibu kila mara ushauri ambao mtu amepewa na majirani ni mmoja: "Gawanya kila kitu kwa nusu." Amejaribu, wali umeungua, mchuzi umekuwa chumvi tupu, amerudi kwenye vipimo vya zamani. Hakukosea yeye. Jikoni si kila kitu kinagawanyika.

Cha kwanza cha kubadilisha ni sufuria. Mpishi mzoefu hapimi kwa kikombe, anapima kwa jicho: maji yakifika pale kwenye alama nyeusi, inatosha. Jicho hilo linasoma sufuria, halihesabu watu. Tena kuna hesabu ndani yake. Sufuria yenye mdomo wa sentimita 30 ina uwazi wa sentimita za mraba 700 na kidogo. Ya sentimita 20 ina 314 hivi, yaani haifiki hata nusu. Mvuke unatoka kwenye uwazi huo. Ukipika wali wa watu wawili ndani ya sufuria ya watu kumi, mchele umepungua lakini mvuke haukupungua, na maji yanaisha kabla punje hazijaiva. Ikiwa vikombe vinne vya mchele vilikuwa vinataka vinane vya maji, kikombe kimoja ndani ya sufuria ile ile kitataka viwili na robo, pengine zaidi. Ndani ya sufuria ndogo yenye mfuniko unaokaa vizuri, taabu hiyo inapungua sana.

Mafuta nayo yako hivyo. Tunamimina mpaka chini ya sufuria pafunikwe, na chini ya sufuria kubwa panataka mafuta mengi hata kama kitunguu ni kimoja. Kijiko kimoja cha mezani ni karibu kalori 120. Watu wawili wanaokula mchuzi uliokaangwa kwa mafuta ya watu kumi hawataona tofauti mdomoni, ila baada ya mwaka nguo itawaambia.

Sasa unga. Wengi mnaniuliza kipimo cha mtu mmoja, na hapa Goma tunacho ambacho karibu kila mtaa umekiona: mgao wa PAM, Shirika la Chakula Duniani. Mgao kamili unaojulikana ni gramu 400 za unga kwa mtu kwa siku, gramu 120 za maharagi, mafuta gramu 25 hadi 30, chumvi gramu 5. Jumla inafika kalori 2,100 hivi. Gawanya unga huo kwa milo miwili, ni gramu 200 kwa mlo. Lakini mgao huo ulipangwa kwa mtu ambaye karibu hana kingine cha kula. Aliye na mboga, samaki, kipande cha viazi na chai ya asubuhi, tena anakaa dukani au ofisini, gramu 120 mpaka 150 za unga mkavu zinamtosha kwa mlo. Hicho ni kikombe cha robo lita kimoja, kilichosawazishwa kwa kisu. Watu wawili, vikombe viwili. Yule mama alipimia mbele yangu kile anachotia kila jioni: vikombe vitano na nusu.

Kama bugali wako ni wa mihogo, kumbuka kwamba nguvu yake inakaribia ya mahindi lakini protini karibu hakuna. Hapo maharagi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wana kazi kubwa zaidi kwenye sahani. Kosa ninaloliona kwa wazee waliobaki peke yao ni kupunguza kila kitu kwa pamoja, samaki na maharagi kwanza kwa sababu ndivyo vyenye bei, mpaka mlo unabaki chai na mkate. Mzee anahitaji protini kwa uzito wake si chini ya kijana. Kata bugali, samaki mwache.

Chumvi inahitaji jicho la pekee. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa. Chumvi ya unga inagawanyika vizuri, shida ni kube ya mchuzi, kile kidonge cha kiungo cha dukani. Nani anaikata kube? Inaingia nzima, na sehemu kubwa yake ni chumvi. Mchuzi wa watu wawili wenye kube nzima, uliokauka kidogo kwenye sufuria pana, ndio ule "chumvi tupu." Ivunje, nusu irudi kwenye karatasi yake. Na chumvi yenyewe itie mwishoni, mchuzi ukishafika uzito unaoutaka.

Kisha kuna visivyogawanyika kabisa. Moto wa maharagi haujui idadi ya walaji: gramu 200 na kilo moja vinakaa jikoni muda ule ule, na makala (makaa ya kupikia) yanaisha karibu sawa. Sisi hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagi yanachelewa kuliko yale ya mpishi wa Mombasa unayemtazama kwenye simu. (Vipimo vyake vya maji na muda visikusumbue, yeye yuko ufukweni.) Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa nguvu. Familia ndogo mbili za ua mmoja zinaweza kupokezana mbabula, jiko la makala: leo wewe unachemsha ya nyumba mbili, kesho mimi, kila mtu anaunga kwake. Makala ya mji huu mengi yanatoka pembezoni mwa Virunga, na bei yake mnaijua kuliko mimi.

Sombe, majani ya mihogo, pia. Majani yakiwa machache si sababu ya kuyatoa mapema. Yana sumu ya asili ambayo inatoka kwa kutwanga vizuri na kuchemsha kwa muda mrefu, mwanzoni bila mfuniko ili mvuke wake uondoke. Sombe ya sahani mbili inakaa motoni sawa na sombe ya harusi.

Kinachobaki sasa, kwa sababu kitabaki. Chakula kilichoiva kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu vinazaana haraka. Wali ndio ninaouogopa zaidi: kuna kijidudu ambacho mbegu zake zinastahimili kuchemshwa, na wali ukilala ndani ya sufuria unaweza kutengeneza sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Usiku bila frigo, wali usibaki. Wenye frigo, umeme ukikatika msiifungue: ikibaki imefungwa inatunza baridi kama saa nne. Chupa za maji zikijaza nafasi tupu zinasaidia, na nyumba ndogo ina nafasi tupu nyingi.

"Na mgeni akija?" Swali hili halikosi, na ni la haki. Nyumba ya Goma isiyo na sahani ya mgeni inasemwa. Jibu langu ni kwamba ziada ikae kwenye mchuzi na kwenye mfuko wa unga, isikae kwenye bugali uliosongwa. Sambaza wakavu hawaharibiki upesi, maharagi yaliyochemshwa bila kuungwa yanasubiri kwenye frigo, maji ya moto yako kwenye thermos. Mgeni akibisha hodi, bugali mpya unasongwa kabla hajamaliza habari za nyumbani kwao, na kusongewa bugali wa moto ni heshima kuliko kupakuliwa uliopoa.

Neno moja kwa wanaotumia dawa za sukari, hasa insulini: msipunguze bugali kwa ghafla bila kuongea na muuguzi wenu. Dawa ilipimwa kwa chakula cha zamani, na sukari ikishuka sana ni hatari ya siku hiyo hiyo. Yule mama tulimshusha taratibu, kutoka vikombe vitano na nusu mpaka vinne, kisha vitatu, daktari akiangalia vipimo. Alinunua sufuria ya sentimita 20 soko la Virunga. Ile kubwa hakuiuza. Iko kwa mama mkubwa wa shirika lao, inatoka kwa harusi na matanga tu.