Barua ya mwenyekiti haimvushi mtoto Ruvuma

Huku Mtwara utasikia: mtoto wa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, wazazi wake wakiridhia na mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri, ni wako, mbebe urudi naye. Dhana hii ni ya siku nyingi, na chimbuko lake ni jema. Wamakonde wapo pande zote mbili za mto, na kumlea mtoto wa ndugu ni kawaida yetu.

Lakini kulea si kuasili. Kuasili humpa mtoto wazazi wapya kisheria, ndiyo maana huamuliwa na mahakama. Kwetu, Sheria ya Mtoto ya 2009 iliikabidhi Mahakama Kuu kazi hiyo. Mtoto wa Msumbiji shauri lake huanzia kwa mamlaka za Msumbiji.

Mfikirie mama aliyefika Daraja la Umoja, Mtambaswala, kichanga kimefungwa kanga mgongoni, mkononi ana karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Afisa uhamiaji anataka hati ya kusafiria ya mtoto na amri ya mahakama. Hana. Nia yake ni safi kabisa, ila maswali yatakayofuata ni ya usafirishaji haramu wa binadamu.

Na hili linaniuma zaidi: Mkataba wa The Hague wa 1993, unaohusu kuasili mtoto wa nchi nyingine, unataka ridhaa ya mama itolewe baada ya kujifungua, tena bila kulipwa. Kumpa mjamzito fedha ili "akizaliwa tu nimchukue" ni kinyume cha msingi huo.

Kabla ya nauli, pita kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako.