Athi Mbili Zisizoungana Huua Kontrola

Mwezi wa Machi, mvua za kwanza zikianza kuuchapa uwanda wa Kano karibu na Kisumu, Kenya, simu za ofisi yetu hazipumui. Malalamiko ni yale yale: jana jioni kulinguruma, leo pampu zinazunguka vizuri lakini vali za shambani hazifunguki.

Msimu uliopita nilifungua kasha la kontrola, kifaa kinachoamuru vali za maji zifunguke na kufunga, katika nyumba ya pampu moja upande wa Ahero. Kadi ya ndani ilikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya mchele, pale hasa nyaya za vali zinapoingilia. Harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa bado imo. Upande wa stima haukuguswa, fyuzi zote nzima. Mlinzi aliapa kuwa radi haikupiga pale, ilipiga mti ng'ambo ya mfereji. Alisema kweli. Wengine kijijini walikuwa wameshaamua kuwa radi hiyo imetumwa. Hayo niliwaachia wenyewe.

Cha ajabu ni kwamba fundi alikuwa ametia athi, yaani waya na fimbo ya kupeleka umeme ardhini, tena mbili. Moja ya mota nyuma ya nyumba, nyingine ya kontrola peke yake mbele, ili kontrola "isisumbuliwe na mota". Hazikuungana. Hapo ndipo kosa lilipo, na nimeliona mara nyingi kuliko kosa la kukosa athi kabisa.

Fikiria mashua mbili ziwani zilizofungwa pamoja kwa kamba nyembamba. Wimbi likiziinua zote, kamba haina neno. Likiinua moja, kamba inakatika. Radi ikipiga karibu na nyaya za vali, sehemu ya umeme wake hufuata nyaya hizo hadi kwenye athi ya kontrola. Hata ampea 1,000 tu zikipita kwenye athi yenye ukinzani wa omu 10, athi hiyo hupanda volti 10,000 juu ya ile ya mota. Kadi iliyotengenezwa kwa volti 24 iko katikati ya athi hizo mbili, nayo ndiyo kamba.

Kwa hiyo unganisha zote: athi ya stima, ya mota, ya kontrola, mabomba ya chuma na mlingoti wa antena kama upo, zikutane kwenye kipande kimoja cha shaba. Kisha weka kinga ya msukumo wa umeme, kifaa kinachouelekeza msukumo huo kwenye athi, upande wa stima na upande wa nyaya za vali pia. Wengi hukinga upande wa stima tu na kusahau kwamba waya uliolazwa mita 600 shambani nao ni mlango. Sakiti breka haisaidii hapa: radi hufanya yake kwa sehemu chache za milioni za sekunde, kabla breka haijatikisika.

Waya wa kutoka kwenye kinga kwenda kwenye kipande cha shaba uwe mfupi na ulionyooka. Msukumo wa radi unaweza kuacha volti 1,000 hivi kwa kila mita ya waya huo. Nimeona mafundi wakiuzungusha kama kamba ya ng'ombe ili kasha lipendeze, na kinga ya bei ghali ikawa pambo.

Udongo wetu mweusi nao una vituko vyake. Ukilowa hupitisha umeme vizuri sana. Februari hupasuka hadi mkono unaingia, na fimbo ya athi hubaki imezungukwa na hewa. Radi za Machi huja kabla maji hayajafika chini. Basi pima athi wakati wa kiangazi, kwa mita ya kupimia athi, si kwa multimita. Ikizidi omu 10, ongeza fimbo, na nafasi kati yake isipungue urefu wa fimbo moja. Chumvi ambayo mafundi wetu huipenda huoshwa na mvua, tena hula chuma.

Kagua pia baada ya wezi wa shaba kupita, maana waya wa athi ukikatwa pampu haisimami na hakuna atakayejua. Na ukisikia ngurumo, funga kasha uondoke. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo urudi kushika nyaya.