Tangi la samaki limekuwa kijani? Usikimbilie kumwaga maji

Kipindi cha joto Dar simu nyingi tunazopokea toka kwa wafugaji wa samaki wa mapambo zinafanana: mtaalam, tangi langu kijani tupu, nimeliosha wiki iliyopita tu na limerudi vilevile. Ukiuliza umeoshaje unaambiwa samaki niliwatoa nikawaweka kwenye ndoo, maji nikamwaga yote, kokoto nikachemsha, vioo nikapiga sabuni, na filta nikaisugua bombani mpaka ikang'aa. Basi hapo ndo mwani, yaani huo ukijani unaoota kwenye maji na vioo, umeandaliwa shamba.

Iko hivi. Ndani ya sponji ya filta na kwenye kokoto wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotoka kwa samaki, kuwa naitraiti, halafu wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo sumu yake ni ndogo zaidi, na kwenye tangi jipya bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Ukipitisha klorini ya bomba na sabuni umewaua karibu wote, amonia inapanda, samaki wanaanza kuhema juujuu, na mwani ambao hausubiri mwaliko wa mtu unarudi kwa kasi kuliko mwanzo.

Mwani unachotaka ni mwanga na mbolea. Tuanze na mwanga maana hapo ndo watu wengi wanakosea, tangi linawekwa dirishani ili wageni walione, au taa yake inawashwa jioni na kulala ikiwaka kwa sababu inapendezesha sebule. Masaa 6 hadi 8 kwa siku yanatosha kabisa, nunua taimer ya kuchomeka kwenye soketi usahau habari ya kuwasha na kuzima, na tangi lisogezwe mbali na jua la moja kwa moja. Samaki wenyewe wanahitaji giza wapumzike.

Mbolea inatoka kwenye kopo la chakula. Kila mtoto akipita anatupia kidogo, baba akirudi kazini naye anatupia, kinachobaki kinaozea chini na kutoa naitreti na fosfeti. Weka kile wanachomaliza ndani ya dakika 2, mara moja au mbili kwa siku, na samaki wakubwa wenye afya wakikosa chakula siku moja kwa wiki hawadhuriki. Halafu kila wiki toa robo ya maji kwa mpira, huku unanyonya uchafu kwenye kokoto, rudishia maji ya bomba yaliyokaa kwenye ndoo wazi tangu jana yake ili klorini iruke. Sponji ya filta ikamue kwenye yale maji ya tangi uliyoyatoa, sio bombani.

Ila sio kila kinachoota ni kitu kimoja. Pitisha kidole kwenye kioo. Ikitoka vumbi ya kahawia kirahisi, hiyo ni ya tangi jipya, futa tu, mara nyingi inaisha yenyewe. Ikibanduka kama ngozi laini ya kijani iliyoiva, ina utelezi na inanuka, huo sio mwani hasa, ni bakteria wanaotumia mwanga, inyonye kwa mpira, ongeza mzunguko wa maji na punguza chakula. Maji yenyewe yakiwa kijani huoni upande wa pili, zima taa, funika tangi zima kwa blanketi siku 3, pampu ya hewa iendelee kufanya kazi muda wote, ukifunua badilisha nusu ya maji maana mwani uliokufa unaoza na kula oksijeni.

Dawa za kuua mwani mimi sizipendi. Baadhi zina shaba, zinaua konokono na kamba, na mwani ukifa wote kwa mkupuo unaweza kuamka asubuhi ukakuta samaki wanaelea. Bora uongeze mimea inayokua haraka, itagombania ile mbolea.

Swali lingine la kila siku ni yule samaki wa kunyonya kioo. Anauzwa mdogo kama kidole lakini anaweza kufika sentimita 40, anakunya sana, na akikua mwani anauacha anasubiri chakula chenu. Kama unafuga mbuna wa Ziwa Nyasa unao wala mwani tayari, kwao ziwani wanakwangua miamba siku nzima, usiwajaze vyakula vya nyama.

Na akikushinda huyo mnyonyaji usimpeleke mtoni, sio samaki wa kwetu. Mrudishe dukani au mpe mfugaji mwenye tangi kubwa. Mimea iliyozidi nayo ianike juani ikauke ndo uitupe, gugumaji linalosumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kama ua la mabwawa ya mapambo.