Chumba cha darini si gunia la kushindilia sufi

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa mteja aliyekwisha nunua magodoro yake ya sufi ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo za kuzuia joto, ya kuweka kati ya pau za paa: "Fundi, shindilia mpaka pasibaki hata nafasi ya kidole, tuone joto litapita wapi." Litapita humohumo kwenye sufi uliyoishindilia.

Sufi haizuii joto kwa uzito. Kinachozuia ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, isiyotembea. Ukiibana unaifukuza. Godoro la milimita 150 likilazimishwa kukaa kwenye nafasi ya milimita 100 hupoteza takriban robo ya uwezo wake: umelipia 150, umepata zaidi kidogo ya 100. Na hiyo ndiyo hasara ndogo.

Kubwa ni unyevu. Chumbani watu wanapumua, wanaoga, wanaanika nguo. Mvuke hupenya kwenye matundu ya taa na maungio ya jipsamu, na penye baridi hugeuka maji ukigusa upande wa chini wa paa. Kwenye paa la kawaida, mwanya wa milimita 50 juu ya sufi, ulio wazi kwenye upenu na kileleni, huacha hewa iupeperushe. Ukiuziba, maji hayana pa kwenda. Niliwahi kufungua dari ya namna hiyo: misumari imeshika kutu, kila ncha na tone lake, sufi nzito kama tambara la deki, na bisibisi ikizama kwenye pau kama kwenye sabuni iliyolowa. Mwenye nyumba alikuwa ameshabadilisha vigae mara mbili akidhani paa linavuja. Halikuwa linavuja!

Mimi hupigilia vijiti pembeni mwa pau ili mwanya usizibike, ndipo naweka sufi bila kuibana. Unene ukipungua, naongeza mbao za povu gumu chini ya pau zenyewe, kwa sababu mti hupitisha joto kama mara tatu ya sufi. Ndiyo, utapoteza sentimita chache za kimo. Utainama kidogo.

Na mengine ninayoambiwa na wateja: "Karatasi ya kung'aa inatosha." Huakisi joto la mnururisho, lile linalosafiri kama miali, pale tu uso wake unapotazama hewa, angalau milimita 25. Ikigusana na bati, ni bati la pili.

"Kihami, yaani kizuia joto, ni cha nchi za baridi." Mtu anayesema hivyo hajalala chini ya bati lililoshinda juani. Sufi haijui joto linatoka upande gani.

"Nailoni ya kuzuia mvuke huwekwa ndani siku zote." Penye baridi, sawa. Penye joto la unyevu na kiyoyozi, mvuke unaingia kutoka nje, na nailoni hiyo ya ndani inaunasa ugeuke maji humo ukutani.

"Povu likishabandikwa, kazi imekwisha." Povu la polistireni huwaka na moshi wake ni mweusi mzito. Lifunike kwa jipsamu, usilipake rangi ukaondoka.

Na wale wanaoongeza sufi kila mwaka huku chumba hakibadiliki: siku yenye upepo, lowesha kiganja ukipitishe pembezoni mwa kile kimlango cha ukuta mfupi, mnakohifadhi masanduku. Ukisikia ubaridi, anza na mpira wa kuzibia hapo kabla ya kununua godoro jingine.